Matofali ya uyoga: kuvu inafanya nini hasa ndani ya ukuta?

Kila picha ya "nyumba ya uyoga" inaposambaa mitandaoni, maoni yanayofuata ni yale yale. Mmoja anauliza kama kuta hazitachipua mvua ikinyesha. Mwingine anasema njaa ikimbana atamega kona ya sebule. Wa tatu, ambaye huwa na uhakika kuliko wote, anatangaza kwamba siku za saruji zimekwisha. Wawili wa kwanza wanatania, lakini ndani ya utani wao kuna swali la haki. Anayepotosha ni huyo wa tatu, na bahati mbaya habari nyingi kuhusu jambo hili zimeandikwa kwa sauti yake.

Tuanze na majina. Kuvu, au fangasi, ni kundi la viumbe wasio mimea wala wanyama. Humo mna hamira, mna ukungu unaoharibu mkate, na mna uyoga. Uyoga tunaouona juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya kiumbe chenyewe. Hujitokeza kwa siku chache, humwaga vijimbegu vyake, kisha hunyauka. Mwili wenyewe umejificha ndani ya udongo au ndani ya gogo linalooza, nao ni wavu wa nyuzi nyeupe, kila uzi ukiwa mwembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Wavu huo huitwa miseliamu. Unaweza kuwa mkubwa ajabu: katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna kuvu moja ambayo wavu wake umeenea chini ya ardhi kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 9.

Sasa, "tofali la uyoga" kwa kawaida halina uyoga wowote. Lina nyuzi, na hata hizo nyuzi ni sehemu ndogo ya uzito wake. Kilichojaa ndani ni mabaki ya mashambani na viwandani: mabua ya mahindi, makapi ya miwa, maranda, majani makavu ya ngano, maganda ya pamba. Kuvu ni gundi inayoyashika pamoja. Ukiwahi kung'oa kishungi cha nyasi na kikatoka na bonge zima la udongo, umeona jambo lenyewe. Udongo ule haujawa mgumu. Umeshikwa na mizizi isiyohesabika iliyopita katikati ya kila chembe. Nyuzi za kuvu hufanya hivyo hivyo kwa makapi, ila zenyewe huenda mbali zaidi, kwa sababu haziishii kupita katikati ya vipande. Zinaingia ndani yake.

Zinaingia kwa kula. Kuvu haina tumbo, kwa hiyo humeng'enya chakula nje ya mwili. Humwaga vimeng'enya juu ya bua, vikalainisha selulosi na lignini, yaani vitu viwili vinavyoupa mti na bua ugumu wake, kisha hufyonza kilicholainika na kurefusha uzi kuelekea mbele. Ukuta wa kila uzi una kitini, kemikali ile ile inayokaza magamba ya wadudu na ya kaa. Basi kadiri kuvu inavyokula ndivyo inavyosuka mtandao mgumu katikati ya makapi.

Hapo pana jambo ambalo taarifa nyingi hulipita. Kiumbe huyu ni adui wa zamani wa majengo. Mafundi wa nyumba za mbao katika nchi za baridi wanaijua vizuri Serpula lacrymans, kuvu inayogeuza boriti nzima kuwa vipande vinavyosagika mkononi. Tofali la uyoga linatokana na tabia hiyo hiyo ya kuozesha, isipokuwa limekatishwa njiani. Ukikatisha uozo huo mapema mno, nyuzi hazijashika vya kutosha na tofali linamomonyoka. Ukichelewa, gundi imekula kile ilichotakiwa kukiunganisha. Ustadi mkubwa wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko katika kujua siku ya kusema basi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mabaki hukatwakatwa, hulowekwa, kisha hupikwa kwa mvuke. Mvuke ni wa lazima kwa sababu makapi mabichi yamejaa bakteria na ukungu wa kila namna, na wote wanagombea chakula kile kile; anayewahi ndiye anayetawala. Yakishapoa huchanganywa na mbegu za uyoga, jina ambalo wakulima wa uyoga huyapa nafaka au maranda yaliyokwisha kuenewa na kuvu hai. Aina zinazotumika sana ni uyoga mamama, pamoja na jamii za Ganoderma na Trametes ambazo kwa asili huota kwenye magogo. Mchanganyiko hushindiliwa ndani ya kalibu yenye umbo linalotakiwa, hufunikwa, huwekwa gizani mahali penye unyevu na joto la nyuzi 25 za Selsiasi hivi.

Mwanzoni hakuna cha kuona. Baadaye vidoa vyeupe hujitokeza huku na huko kwenye makapi, hupanuka, hukutana, na baada ya wiki moja au mbili bua huwezi kuliona tena. Kilichopo ni uso mweupe, laini mkononi, wenye harufu ya msitu uliolowa. Tofali likitolewa kwenye kalibu linasimama lenyewe, pembe zake kamili, hata mstari wa mshono wa kalibu umejichapa ubavuni. Likiachwa hivyo kwenye hewa na mwanga litaota uyoga kweli. Ndiyo maana huingizwa kwenye tanuri. Joto hukausha maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake wakati huo, na huiua kuvu. Weupe hugeuka rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia. Ukilivunja utaona vipande vya bua vikining'inia kwenye nyuzi, vikigoma kuachana.

Kwa hiyo jibu la yule aliyeuliza kuhusu mvua ni kwamba tofali lililookwa vizuri halichipui, kwa sababu kilichokuwa hai ndani yake kimekufa. Na jibu la yule mwenye njaa ni kwamba angekuwa anatafuna makapi makavu.

Ugumu, na swali linaloulizwa vibaya

"Je, lina nguvu kama zege?" Hapana, wala halikaribii. Zege la kawaida la nyumba hustahimili mgandamizo wa kilo 200 hadi 300 kwa kila sentimita ya mraba. Tofali la kuvu ambalo halikubanwa kwa mashine huanza kubonyea kwa kilo 2 hadi 5 hivi kwa eneo hilo hilo. Tofauti ni ya mara 50 au 100.

Hesabu hiyo inaeleza pia zile video za mtu aliyesimama juu ya tofali huku akitabasamu. Chukua tofali lenye uso wa sentimita 20 kwa 10. Hizo ni sentimita za mraba 200. Hata kwa kiwango cha chini cha kilo 2, linabeba kilo 400 kabla ya kubonyea. Mtu mmoja si mtihani. Mtihani ni ghorofa, lenye sakafu za zege, samani, watu na upepo, kwa miaka hamsini.

Lakini swali lenyewe limekosewa. Mita ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ya tofali la kuvu mara nyingi ni kati ya kilo 60 na 300. Kitu chepesi kiasi hicho kimejaa hewa, na hewa iliyonaswa katika vyumba vidogo vidogo ni kizuizi kizuri cha joto na cha sauti. Zege hupitisha joto takriban mara 20 zaidi ya tofali hili. Mshindani wake halisi, basi, ni polistireni, yale mapovu meupe ya plastiki yanayowekwa ndani ya kuta na dari kuhami joto, na pia kwenye maboksi ya televisheni. Polistireni huzuia joto vizuri kidogo zaidi, lakini hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na ikishatupwa hubaki duniani kwa vizazi. Mshindani wa pili ni vibao vya maranda vilivyogandishwa kwa gundi za viwandani, ambazo baadhi yake hutoa fomaldehidi, gesi inayowasha macho na inayohusishwa na saratani.

Ukiliangalia hivi, mambo mengi yanakaa sawa. Kampuni ya Ecovative, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Eben Bayer na Gavin McIntyre baada ya kuwa wanafunzi pamoja jijini Troy, New York, ilianza na wazo la kuhami kuta, lakini iliyoipa jina ni vifungashio: kompyuta za Dell ni miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa ndani ya miseliamu badala ya polistireni. Huko Italia, kampuni ya Mogu inauza vibao vya ukutani vya kunyonya mwangwi. Hakuna kati ya hivi kinachobeba paa, na bado ni matumizi yaliyokomaa kuliko mengine yote. Habari zake hazivutii kama picha ya mnara, nadhani ndiyo sababu hatuzisikii.

Na minara ipo. Mwaka 2009 msanii Philip Ross alijenga kibanda kidogo cha matofali ya kuvu kwenye maonyesho mjini Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 2014 mbunifu David Benjamin na ofisi yake, The Living, walisimamisha Hy-Fi kwenye uwanja wa jumba la sanaa la MoMA PS1 jijini New York: matofali yapatayo 10,000 ya mabua ya mahindi na kuvu, yakipanda zaidi ya mita 12. Picha zake ndizo zinazozunguka hadi leo, mara nyingi bila maelezo kwamba jengo lile lilikusudiwa kusimama kwa msimu mmoja wa kiangazi tu, halikuwa na paa, na lilipobomoliwa matofali yalipelekwa kugeuzwa mboji.

Ninaloliona la maana zaidi ni la mwaka 2017, MycoTree, lililoonyeshwa Seoul, Korea Kusini, na kundi la mbunifu Dirk Hebel wa Karlsruhe, Ujerumani, pamoja na Philippe Block wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi. Lilikuwa na matawi yanayogawanyika kama mti, na sehemu zake za kuvu, zikiunganishwa kwa vibao vya mianzi, zilibeba mzigo. Ziliwezaje, ilhali ni dhaifu hivyo? Wabunifu hawakuifanya mali iwe ngumu zaidi; walichagua umbo ambalo ndani yake kila kipande kinasukumwa tu, hakivutwi wala hakipindwi. Tofali dhaifu huvumilia kusukumwa. Kinachoua kitu kama hicho ni kupinda. Wajenzi wa matao ya mawe walilijua hilo zamani sana, kwa sababu mawe yaliyopangwa nayo hayapendi kuvutwa. Kwa hiyo anayesema "wamejenga kwa uyoga" amesema nusu. Nusu iliyobaki ni jiometri.

Maji, moto, afya, na hewa ya ukaa

Udhaifu mkubwa wa tofali hili ni maji kuliko mzigo. Makapi hunyonya. Tofali lisilopakwa kitu likiachwa ndani ya maji linaweza kufyonza zaidi ya uzito wake lenyewe, na likishalowa linakuwa chakula tena. Kuvu iliyolitengeneza imekufa, sawa, lakini hewani daima kuna vijimbegu vya ukungu mwingine vinavyotafuta mahali pa kutua. Hapa ndipo hofu ya watu kuhusu ukungu ukutani inapopata ukweli wake: hatari haitoki ndani ya tofali, inatoka kwa bomba linalovuja au paa lililofunguka. Ndiyo maana linafaa ndani ya ukuta, nyuma ya plasta au mbao, mbali na ardhi yenye unyevu. Ukuta wa nje ulio wazi unahitaji kifuniko, na hapo kuna mtego, kwa kuwa baadhi ya rangi na plastiki zinazozuia maji vizuri huliondolea sifa ya kuoza na kuwa mboji mwisho wa maisha yake.

Moto nao umetiwa chumvi pande zote mbili. Si kweli kwamba haliungui. Ni makapi makavu, na makapi huungua. Kilicho kweli ni kwamba likishika moto uso wake hugeuka mkaa, na tabaka hilo la mkaa huchelewesha moto kuingia ndani. Polistireni huyeyuka, hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito. Tofauti hii ina uzito. Jengo la Grenfell jijini London, ambako watu 72 walikufa kutokana na moto wa Juni 14, 2017, lilikuwa limevikwa nje vibao vyenye kiini cha plastiki, na moto ulipanda ghorofa baada ya ghorofa kupitia vibao hivyo. Hata hivyo, kitu kuungua taratibu maabara hakitoshi kukifanya salama katika jengo. Lazima ukuta mzima upimwe, pamoja na viungo na mapengo yake.

Kuhusu afya, wanaostahili kuangaliwa zaidi ni wafanyakazi, si wakazi. Uyoga ukiachwa ukomae humwaga vijimbegu kwa wingi, na kuvipumua kila siku katika chumba cha kuoteshea huwasumbua baadhi ya watu mapafu. Viwanda vya vibao hukatiza ukuaji kabla ya uyoga kutokea. Pale ambapo uyoga unavunwa kwanza, barakoa na hewa ya kutosha si mapambo.

Sasa hewa ya ukaa, ambayo ndiyo sababu ya kelele zote hizi. Saruji husababisha takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Inatoka njia mbili: chokaa huchomwa kwenye tanuri la nyuzi karibu 1,450, na chokaa chenyewe, kikipata joto hilo, huachia kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kwa hiyo hata ukichoma kwa nishati safi kabisa, sehemu kubwa ya hewa hiyo bado itatoka. Tofali la kuvu halina tatizo hilo la pili. Bua lilinyonya kaboni lilipokuwa likikua shambani, na likifungiwa ndani ya ukuta kaboni hiyo inakaa humo badala ya kurudi angani kwa kuchomwa au kuoza.

Lakini halina usafi wa bure. Mvuke wa kutakasa makapi unahitaji nishati, na tanuri la kukausha linahitaji zaidi. Kiwanda kinachotumia umeme wa makaa ya mawe, na kinachosafirisha makapi mepesi yanayojaza lori kabla ya kulilemea, kinaweza kula faida yote. Ukikausha kwa jua, ukachukua mabaki ya jirani, hesabu inabadilika. Na kuna hili ambalo watetezi huliruka: tofali likigeuzwa mboji, kaboni nyingi inarudi angani. Haiwezekani kulisifu kwa kuhifadhi kaboni milele na papo hapo kulisifu kwa kuoza haraka. Inabidi uchague lipi unalisema kuhusu jengo lipi.

Kwa sababu hizo, mradi unaonivutia kuliko minara yote uko Namibia. Huko vichaka vimevamia mamilioni ya hekta za malisho na vinafyekwa kwa vyovyote vile. Mradi huo, MycoHAB, huvisaga vichaka hivyo, huotesha juu yake uyoga mamama, huvuna uyoga na kuuuza kama chakula, kisha mabaki yaliyoshikwa na nyuzi hubanwa kwa mashine na kuokwa yawe matofali. Nyumba ya mfano imejengwa karibu na Windhoek. Mpangilio huu una akili mbili ndani yake. Kwanza, gharama ya kutakasa na kuotesha inalipwa na uyoga, kwa hiyo tofali ni mabaki ya biashara nyingine. Pili, kubanwa kunafukuza hewa, na tofali lenye hewa kidogo hubeba zaidi, ingawa linapoteza sehemu ya uwezo wa kuhami joto. Vyote viwili kwa pamoja huvipati. Nchini Kenya, kampuni ya MycoTile imechukua njia ya kawaida zaidi ya vibao vya kuhami joto vilivyotokana na mabaki ya mashamba, na kwa mali yenye tabia hii naona ndiyo njia nyoofu.

Kinachokwamisha matumizi mapana kuliko ugumu wa tofali ni makaratasi. Mhandisi anayeweka saini kwenye mchoro wa zege ana viwango vilivyokusanywa kwa zaidi ya karne moja: mchanganyiko huu, siku 28, nguvu hii. Tofali la kuvu hubadilika kwa aina ya kuvu, aina ya makapi, unyevu wa chumba, hata mshindilio wa mikono ya aliyejaza kalibu. Matofali mawili ya kundi moja yanaweza kutofautiana. Mkaguzi wa majengo hana jedwali la kufungua, na kampuni ya bima haina historia ya kuangalia. Vibao vya sauti na vihami joto vinapita kwa urahisi kiasi kwa sababu vikishindwa havimwangukii mtu.

Kuna jambo la mwisho linalochanganywa na haya yote: kuta zilizo hai, zinazojiziba nyufa zenyewe. Kwa upande wa kuvu, hizo bado ziko maabara. Mwaka 2025 kundi la mtafiti Chelsea Heveran wa Chuo Kikuu cha Montana State, Marekani, lilichapisha kazi ambamo wavu wa kuvu iitwayo Neurospora crassa ulitumiwa kama kiunzi, na bakteria Sporosarcina pasteurii wakaujaza madini ya kalsiamu kabonati hadi ukakakamaa. Vijidudu vilibaki hai kwa angalau mwezi mmoja, muda mrefu kuliko kawaida ya vitu vya namna hiyo. Hapo wavu umeacha kuwa gundi ya makapi na umekuwa fremu ya mawe. Tatizo lake ni kinyume cha lile la tofali la kawaida. La kawaida lazima liuawe na likaushwe ili lidumu. Hili lazima liendelee kuwa hai, na kilicho hai kinahitaji maji na chakula ndani ya ukuta ambao mjenzi yeyote angependa ubaki mkavu.